"Okay" ni neno la nani?

Waulize watu wapenda lugha neno "okay" limetoka wapi, kisha kaa usikilize. Mmoja atakwambia ni la Kiwolofu, lugha ya Senegali na Gambia, lilivuka Atlantiki vinywani mwa watumwa. Mwingine atasema ni la Wachoctaw, wenyeji wa asili wa kusini mwa Marekani. Wa tatu atakutajia tarehe, 23 Machi 1839, pamoja na jina la gazeti, na atataka mjadala ufungwe hapo hapo. Nimeufuatilia ubishi huu kwa muda mrefu. Kwa maoni yangu huyo wa tatu ana ushahidi bora kuliko wenzake, lakini wale wawili wameshika swali ambalo ushahidi wake haulijibu lote. Na kwa kuwa jambo lenyewe linawagusa watu waliozuiwa hata kujifunza kuandika, si haki kulimaliza kwa kutaja tarehe peke yake.

Tuanze na gazeti. Siku hiyo Boston Morning Post lilichapa kijihabari cha utani. Mhariri wake, Charles Gordon Greene, alikuwa akijibizana na gazeti la mji jirani wa Providence juu ya safari ya wajumbe wa chama kimoja cha Boston kilichojiita chama cha kupinga upigaji kengele. Wenzake wa Providence walikuwa wameandika kwamba wajumbe hao watapita mjini kwao. Greene akakanusha: wamekwenda New York kwa meli. Ila, akaongeza, mmoja wao akirudi kwa njia ya Providence, huenda mhariri wa huko akamwandalia mambo yote yawe "o.k. — all correct", na vizibo vya chupa vikaruka juu kama cheche.

Sentensi hiyo inastahili kusomwa mara mbili. Greene ameandika herufi mbili na kuzifasiri papo hapo, na mwandishi wa gazeti hahangaiki kufasiri neno ambalo kila msomaji analijua. Tena tafsiri yenyewe ndiyo mzaha. "All correct", yaani "yote sahihi", huanza kwa A na C, si kwa O na K. Kinachosifiwa kuwa ni sahihi kimekosewa herufi zote mbili. Msomaji wa Boston wa wakati ule alicheka kwa sababu alijua mchezo unavyochezwa: miezi hiyo magazeti ya mji yalikuwa yamejaa vifupisho vya makusudi, vingine vikiwa vimeharibiwa tahajia ili viwe vya kuchekesha zaidi. "O.w." ilisimama badala ya "oll wright", yaani "all right" iliyoandikwa vibaya. "K.y." ilikuwa "know yuse", badala ya "no use", "haina faida". Leo ukimwandikia mtu yeyote "k.y." hatakuelewa. Ndugu zake "o.k." karibu wote wamekufa.

Tunayajua haya kwa jitihada za mtu mmoja, Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia. Aliyapekua magazeti ya zamani ukurasa kwa ukurasa, wakati ambapo hapakuwa na kompyuta ya kumtafutia neno, akachapisha alichokipata katika jarida la American Speech mwaka 1963 na 1964. Nguvu ya kazi yake ni kwamba haisimami juu ya sentensi moja. Alionyesha mnyororo: vifupisho vinaanza kuwa mtindo Boston, "o.k." inatokea, inarudiwa, inahamia New York, kisha inakutana na siasa.

Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea kwa mara ya pili. Alikuwa mzaliwa wa Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake walimwita "Old Kinderhook", Mzee wa Kinderhook. Herufi za kwanza za jina hilo zikawa mtaji. Jijini New York wakaunda klabu ya O.K., wakazipiga kelele kwenye mikutano. Wapinzani nao hawakulala. Wakazigeuza herufi zilezile ziwe matusi ya kuishiwa pesa na kukosa heshima, na wakaeneza hadithi kwamba Andrew Jackson, rais aliyemtangulia Van Buren, alikuwa hajui kuandika vizuri kiasi kwamba aliidhinisha hati kwa "oll korrect". Hadithi hiyo ilikuwa ya kutungwa, lakini hadi leo wapo wanaoisimulia kama historia. Van Buren akashindwa na William Henry Harrison. Herufi zenyewe zilikuwa zimeshaenea nchi nzima. Baada ya miaka michache ikaja telegrafu, na waendeshaji wake wakaziona zinafaa: fupi, hazichanganyiki kirahisi na kitu kingine, zinasema "ujumbe umefika na uko sawa".

Huo ndio upande wa kwanza, na anayetaka kuupinga lazima akubali kwamba una kitu ambacho nadharia nyingine hazina: maandishi yenye tarehe, yaliyofuatana, yenye maana ileile tunayoijua.

Nadharia nyingine ziko nyingi mno, na nyingi hazistahili zaidi ya sentensi moja. Wagiriki husema ni "ola kala", yote mazuri. Waskoti husema ni "och aye". Wapo wanaolipeleka kwenye bandari ya Les Cayes kule Haiti, na wapo wanaosema ni sifuri na herufi K zilizoandikwa vitani kuonyesha kwamba hakuna aliyeuawa. Zote zina ugonjwa mmoja: zimeona sauti zinafanana zikadhani zimepata undugu. Kufanana kwa sauti si ushahidi. Katika lugha ya Mbabaram, ya wenyeji wa asili wa Australia, mbwa aliitwa "dog", na neno hilo halina uhusiano wowote na "dog" la Kiingereza. Kila moja lilifika hapo kwa njia yake. Kwa hiyo anayedai asili ya neno anadaiwa mambo matatu: sauti, maana, na njia ambayo neno lilipita kutoka kinywa hiki hadi kingine.

Wachoctaw wanakaribia kuyatimiza yote matatu. Katika lugha yao "oke" au "okeh" huja mwishoni mwa sentensi kukazia kwamba jambo ni hivyo, ndivyo lilivyo. Wamisionari Cyrus Byington na Alfred Wright, walioishi nao tangu miaka ya 1820, waliiandika katika vitabu vyao, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema imebuniwa baadaye ili ifanane. Njia pia ilikuwepo. Wachoctaw walifanya biashara na wazungu, wakapigana bega kwa bega na jeshi la Jackson, na lugha ya mchanganyiko iliyotumika sokoni katika eneo la Mississippi ilibeba maneno yao mengi. Rais Woodrow Wilson, aliyekuwa msomi kabla ya kuwa mwanasiasa, aliidhinisha hati kwa kuandika "okeh" akiamini hiyo ndiyo tahajia ya haki. Kinachokosekana ni kiungo cha katikati: Mmarekani wa kawaida, kabla ya 1839, akisema au kuandika neno hilo katikati ya Kiingereza chake. Hajapatikana. Na nadharia yenyewe ilianza kutangazwa miaka ya 1880, wakati "okay" lilikuwa tayari neno la kila siku. Hilo linapunguza uzito wake, ingawa haliufuti.

Sasa tufike Afrika, ambako moyo wangu umeegemea tangu mwanzo, na kwa sababu hiyo hiyo nimejilazimisha kuwa mkali zaidi.

Mwanaisimu Mwingereza David Dalby alitoa hoja hii mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa Kiwolofu, "waw" ni ndiyo, na "kay" huongezwa kukaza: "waw kay", ndiyo kabisa. Wawolofu na majirani zao wa Senegali na Gambia walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa mapema kwenda makoloni ya Amerika. Dalby hakuishia kwenye sauti. Alileta maandishi. La kugusa zaidi limo katika simulizi ya msafiri Mwingereza J.F.D. Smyth, iliyochapishwa 1784. Huko North Carolina mtumwa aliyetumwa kuvua samaki amekutwa amelala ndani ya mtumbwi, na anajitetea mbele ya bwana wake. "Kay, massa," anaanza, kisha anaeleza kwamba alikaa tu pale, samaki mkubwa akarukia mtumbwini, naye akafurahi, akatulia kumsubiri wa pili, usingizi ukamchukua. Hiyo "Kay" imechapishwa miaka 55 kabla ya utani wa Greene. Upo pia mfano wa Jamaika wa mwaka 1816, ambapo Mwafrika anasema "Oh ki, massa", akieleza kwamba daktari hana haja ya kuogopa.

Anayeisoma mifano hii kwa mara ya kwanza husisimka. Mimi nilisisimka. Lakini rudi mtumbwini umsikilize tena yule mvuvi. Je, anakubali jambo? Hakuna aliyemuomba ruhusa wala kumuuliza swali la ndiyo au hapana. Amekurupushwa usingizini na anatafuta maneno. "Kay" yake inasikika zaidi kama "ah!" au "lo!" kuliko "sawa". Na "oh ki" ya Jamaika vivyo hivyo ni mshangao. Frederic Cassidy, mwanaisimu aliyezaliwa Kingston, Jamaika, aliyekuwa mmoja wa watunzi wawili wa kamusi ya Kiingereza cha Jamaika ya mwaka 1967, aliuchunguza ushahidi huu katika makala ya 1981 na kuona kwamba hautoshi. Huyu hakuwa mtu wa kudharau mchango wa Afrika. Kamusi yake imejaa maneno ya Kiafrika aliyoyatambua na kuyatetea. Alipokataa hili, alikataa kwa kipimo kilekile alichotumia kuyakubali mengine, na hilo lina uzito kwangu kuliko hukumu ya msomi aliyekaa mbali na lugha hizo.

Hata hivyo, kuna funzo la awali ambalo upande wa Boston hauna budi kulikabili. Kwa miongo mingi wasomi wa Marekani walifundisha kwamba Kigullah, lugha ya watu weusi wa pwani na visiwa vya South Carolina na Georgia, ni Kiingereza kibovu tu, na kwamba ndani yake Afrika haimo. Walikuwa na vitabu, walikuwa na vyeo. Kisha Lorenzo Dow Turner, msomi mweusi, akaanza kuwarekodi wazee wa visiwa hivyo miaka ya 1930. Hakuridhika na kusikiliza tu, alijifunza lugha za Afrika ili ajue anachokisikia. Kitabu chake cha 1949 kilileta maelfu ya maneno na majina ya Kiafrika. Yalikuwepo wakati wote. Waliotangulia hawakuyasikia kwa sababu hawakujua lugha yalikotoka.

Mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kuyatambua mengine mwenyewe. "Goober", jina la karanga kusini mwa Marekani, ni "nguba" ya Kikongo. "Gumbo", mchuzi maarufu wa Louisiana, limetokana na neno la bamia katika lugha za Kibantu za Angola, "kingombo", na huhitaji kufundishwa ile "ki" ya mbele inafanya kazi gani. Maneno haya yaliingia Kiingereza kupitia jikoni na shambani, hayakupitia gazetini. Yakaishi mdomoni miaka mingi kabla mtu mwenye kalamu hajaona yanafaa kuandikwa. South Carolina ilikuwa imepiga marufuku kuwafundisha watumwa kuandika tangu mwaka 1740. Kumdai mtu kama huyo maandishi yenye tarehe ni kumdai kitu alichonyang'anywa kwa sheria.

Hapo ndipo watu wengi wa upande wetu wanapoteleza. Wanasema: kwa kuwa maandishi yalizuiwa, basi neno ni letu. Haifuati. Ukimya wa maandishi unaeleza kwa nini ushahidi ungekosekana kama neno lingekuwa la Kiwolofu, lakini ukimya huohuo ungekuwepo hata kama si la Kiwolofu. Nguba haikuthibitishwa kwa ukimya. Ilithibitishwa kwa sauti, maana na njia, vyote vitatu vikikutana kwenye karanga ileile. Tukiacha kipimo hicho kwa ajili ya neno moja maarufu, tunawapa wapinzani sababu ya kuyatilia shaka hata yale ambayo Turner aliyapata kwa jasho.

Wapo pia wanaojaribu kuutumia utumizi wa neno kama ushahidi. Hoja inakwenda hivi: "waw kay" ni jibu la kukubali, na "okay" ya leo ni jibu la kukubali, lakini katika sentensi ya Greene "o.k." si jibu, ni sifa ya mambo yaliyopangwa vizuri. Basi kuna "okay" mbili, ya gazetini na ya mdomoni, na ya mdomoni ni ya Afrika. Hoja hii ina akili, ila Kiswahili chenyewe kinaidhoofisha. "Sawa" tulilichukua kwenye Kiarabu likiwa na maana ya ulinganifu, vitu viwili kuwa kiasi kimoja, na bado tunasema "wako sawa kwa urefu". Leo ndilo jibu letu la kwanza mtu akitupa maagizo. Halikuhitaji mzazi wa pili. Neno linaloeleza hali ya kitu huweza kuwa jibu la kukubali bila msaada kutoka nje, na kama "sawa" liliweza, "okay" pia lingeweza.

Utumizi wa "okay" unastahili kuangaliwa kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba unaeleza kwa nini neno hili lilishinda wenzake. "Okay" hukubali bila kusifu. Ukiambiwa kazi yako ni "okay", umeambiwa inapita, wala hujapongezwa. Ukiulizwa "are you okay?" baada ya kuanguka, hupimwi kama una furaha, unaulizwa kama hujavunjika. Mwalimu akiingia darasani na kusema "okay", hajakubali chochote, amefungua somo. Akilisema tena mwishoni, amelifunga. Kuidhinisha ombi ni "to okay". Kiswahili hugawa kazi hizi kwa maneno kadhaa: "haya" hufungua, "sawa" hukubali, "si mbaya" hupima, "salama" huuliza. Kiingereza kimezibebesha herufi mbili zote hizo. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kilipogusa uso wa Mwezi, Buzz Aldrin alikuwa akisoma orodha ya hatua za kuzima, na miongoni mwa maneno ya mwanzo kabisa yaliyotamkwa kule ni "Okay, engine stop". Kazi yake pale ilikuwa ileile ya telegrafu: hatua hii imekamilika, tuendelee.

Na maandishi ya simu yameipa sura nyingine tena. "Okay" kamili hupokewa kwa amani. "Ok" ni ya mtu mwenye haraka. "K" peke yake, hasa ikifuatwa na nukta, wengi huisoma kama mlango uliobamizwa. Mtu ameandika aya nzima kueleza alivyoumia, anarudishiwa herufi moja, na herufi hiyo inamuumiza kuliko lile lililomfanya aandike. Neno lililozaliwa kama kifupisho cha utani limefupishwa tena, na safari hii ufupi wenyewe ndio ujumbe.

Basi nasimama wapi? Nikiulizwa herufi O na K zilitoka wapi, nitajibu Boston bila kusita, na sioni kwa nini tuone haya kukiri hivyo. Kuhusu sauti, nakubali jambo dogo zaidi: inawezekana kabisa kwamba neno la gazetini lilipofika kusini lilikuta masikio yaliyokwisha kuzoea "kay" na "okeh", na likapokewa kama mgeni mwenye sura ya jamaa. Hilo lingesaidia kueleza kwa nini "o.k." ilidumu na "o.w." ikafa, jambo ambalo uchaguzi wa 1840 unalieleza nusu tu. Uchaguzi hufikisha neno kwa watu. Haulazimishi waendelee kulisema miaka kumi baada ya mgombea kusahaulika. Lakini kuzoeleka kwa sauti si asili, na sitalitumia kudai umiliki.

Kitakachonibadilisha mawazo nakijua sura yake. Ni sentensi moja ya kabla ya 1839, katika shajara ya shamba, kumbukumbu za mahakama au barua ya msafiri, ambamo Mwafrika ameagizwa jambo au ameulizwa swali, naye akajibu "kay" akiwa na maana ya ndiyo. Mvuvi wa Smyth alikaribia sana. Alikuwa na sauti, alikuwa na bwana mbele yake, alikuwa na mtu wa tatu mwenye kalamu aliyeyanukuu maneno yake. Ila siku ile hakuulizwa swali ambalo jibu lake lilikuwa ndiyo.